Mashine ya Mkono na Kinu Cheusi

Ukiingia jikoni kwangu hapa Maisaka, rafiki yangu, inua macho kabla hujasifia kabati. Utaona doa la kahawia kwenye dari, juu ya meza, limetawanyika kama matope yaliyorushwa na lori. Dari hiyo ni ya jipsamu. Niliifuata mwenyewe Arusha, nikasimama chini ya mafundi siku nzima ilipokuwa ikifungwa, na hakuna fundi aliyethubutu kunidanganya, kwa sababu nina diploma ya ufundi mitambo na kipimo cha pima maji nakisoma kuliko wao. Doa hilo nimelipaka rangi mara mbili. Linarudi.

Ni kahawa. Mashine ilinipigia chafya usoni. Na kila ninapoliangalia nakasirika upya, maana nilikuwa ninajaribu kutoa kikombe kimoja tu, cha Bibi, na mimi ndiye mtu ambaye viwanda viwili jijini vilimtegemea kuwasha mitambo asubuhi.

Ngoja nianzie mbali, ndipo utanielewa.

Nilipokuwa mtoto, Manyara ilikuwa mkoa mchanga. Babati ilikuwa imepewa makao makuu, na mji ulikuwa na haraka ya mtu aliyevalishwa suti ghafla. Vibao vya ofisi vilikuwa bado vinanuka rangi. Watu walikuwa wanashuka kwenye mabasi na magodoro yao, wakiulizia chumba cha kupanga. Wengine walikuwa walimu, wengine makarani, wengine wachimba madini waliokuja kupumzika. Nyuma ya hayo yote Mlima Kwaraa ulikaa palepale, na ziwani viboko waliendelea kukoroma kama vile hakuna lililobadilika.

Bibi aliyenilea alikuwa na nyumba ya tofali za kuchoma hapahapa nilipojenga mimi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vitatu, lakini maisha yetu yalikuwa kwenye jiko la nje: kibanda cha bati lililokuwa jeusi kwa moshi, mafiga matatu, vigoda viwili vifupi, na kuku waliokuwa wanajiona wenyeji. Humo ndimo tulimopikia makande, ndimo tulimopukuchulia mbaazi, na ndimo ilimokaa mashine.

Mashine hiyo aliiacha mhandisi wa barabara, Mtaliano, aliyepanga nyumba ya jirani na ambaye Bibi alikuwa akimpikia na kumfulia. Kazi yake ilipoisha aliibeba kwa mikono miwili, akaiweka juu ya meza ya Bibi, akasema, "Mama, hii nzito. Wewe kunywa." Kiswahili chake kilikuwa kifupi, lakini alikaa na Bibi siku tatu nzima akimfundisha, na Bibi alishika kila kitu, ingawa shule aliishia darasa la pili.

Nikueleze ilivyo, maana wengi hudhani mashine ya kahawa ni birika lenye waya. Hapana. Chini ina tangi dogo la shaba linalochemsha maji kwa umeme, na ubavuni geji ya kuonyesha mvuke umefikia wapi. Mbele ina shingo nene ya chuma, na ndani ya shingo hiyo kuna pistoni. Juu ya pistoni kuna springi, nene kama kidole gumba cha mwanaume. Kutoka juu ya shingo unachomoza mkono mrefu wenye kishikio cha mti. Kahawa ya unga unaiweka kwenye kichujio cha bati kilichokaa ndani ya kikombe cha chuma chenye mpini. Sisi tulikiita kata. Unaishindilia, unaifunga kata chini ya shingo kwa kuizungusha, kisha unauvuta mkono kwenda chini.

Hapa ndipo watu wote hukosea. Unapouvuta mkono chini hutoi kahawa. Unaibana springi, na pistoni inapanda kuacha nafasi, na maji ya moto yanaingia kimyakimya juu ya kahawa. Basi unasubiri. Kahawa inalowa, inavimba, inajaza kichujio. Ndipo unauachia mkono pole pole urudi juu, na springi inayotaka kunyooka inasukuma pistoni, na pistoni inasukuma maji yapite ndani ya kahawa kwa nguvu ambayo mkono wa binadamu hauwezi. Kwanza inatoka nyeusi, nzito, inaning'inia kama asali. Kadiri springi inavyonyooka nguvu inapungua, na kahawa inageuka rangi ya mtoto wa twiga. Hapo unaondoa kikombe. Kinachobaki ni uchungu mtupu.

Miaka mingi baadaye, chuoni, mwalimu wetu alipochora springi ubaoni na kueleza nguvu inavyopungua inapoachia, darasa zima lilikuna vichwa. Mimi nilikuwa nimekwisha kuielewa nikiwa na umri wa miaka minane, nikiwa nimekaa kwenye kigoda, na masizi puani.

Mashine yetu ilifanya kazi Jumamosi alasiri tu, umeme ukiwepo. Asubuhi Bibi alikuwa akikaanga buni kwenye chungu kipana, akizikoroga kwa mwiko mpaka zianze kupasuka, tak, tak. Moshi wake ulikuwa unafika barabarani. Kisha ilikuwa zamu yangu. Bibi alikuwa na kinu kidogo cha kahawa tu, kisichoguswa na kitu kingine, si karanga, si kisamvu. Ndani kilikuwa cheusi na kinang'aa kama kiatu cha askari. Nilikuwa nikitwanga mpaka mabega yawake moto. Halafu tulikuwa tukichekecha unga ule kwenye kipande cha khanga kuukuu kilichovutwa juu ya bakuli, machicha yakirudi kinuni, nikitwanga tena, tukichekecha tena. Mwisho Bibi alikuwa akichukua unga kidogo kati ya vidole viwili na kuubana. Ukibaki na alama ya kidole, halafu ukaupuliza kidogo ukasambaratika, ndio huo. Ukibaki donge, nimezidisha. Usiposhika alama, nimekuwa mvivu.

"Mashine haina akili," alikuwa akisema. "Akili iko kwenye kinu."

Nilidhani ni maneno ya kunitwangisha.

Wageni wetu wa Jumamosi walikuwa wawili, hawakosi. Mmoja alikuwa jirani mwenye duka, mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani na ambaye alijua kahawa ya birika la shaba, ile ya vikombe vidogo. Alikuwa akija na kashata kwenye gazeti, na dharau mdomoni.

"Bi mkubwa," alikuwa akisema kabla hata hajakaa, "leo tena tunanyweshwa kahawa ya pampu ya baiskeli?"

"Kaa chini, mzee. Ya kwako ya birika ungekuwa unaipenda, ungekuwa unainywa kwako."

"Nakuja kukuonea huruma tu."

"Basi nionee huruma ukiwa umekaa. Unaziba mwanga."

Alikuwa akikaa, akinywa vikombe vitatu, na kuondoka akisema haikuwa mbaya sana kwa kitu cha chuma.

Mwingine alikuwa mwalimu wangu wa sayansi, kijana aliyetoka mkoa mwingine, mpweke, mwenye shati moja zuri. Siku ya kwanza aliomba aachiwe ajaribu. Akatufafanulia kwamba hilo ni bomba kama la kisimani, kanuni ni ileile. Akaushika mkono akaanza kuupampu, juu chini, juu chini, kama vile anajaza ndoo. Maji yalitoka yakajaa kikombe, yakajaa sahani, yakashuka mezani, yakamfikia suruali.

Bibi aliinuka taratibu, akamtoa mikono kwenye mashine kama anavyomtoa mtoto kwenye moto. "Mwalimu," akasema, "hili halipampiwi. Hili linasubiriwa."

Jirani mwenye duka alicheka mpaka kashata ikampalia.

Bibi alikuwa na neno jingine, na hilo ninalo mwilini. "Mkono usiosimama, usiuachie." Maana yake ni hii. Unapouachia mkono urudi juu, kahawa ikiwa imesagwa vizuri itapingana na maji, na katikati ya njia utausikia mkono umesimama wenyewe, umetulia. Hapo unaweza kuondoa kiganja chako. Lakini kahawa ikiwa na mapande, maji yanapita bila kipingamizi, na nguvu yote ya springi inarudi kwenye mkono. Ukiuachia hapo, unaruka.

Jumamosi moja nilichoka kutwanga. Nilichekecha mara moja tu, machicha nikayarudisha kwenye unga wakati Bibi anawafukuza kuku, nikamwambia tayari. Siku hiyo alikuwa ameniahidi kwamba mimi ndiye nitakayetoa kahawa, mbele ya mwalimu. Nilivuta mkono chini kwa uzito wangu wote, nikahesabu mpaka nane, nikaanza kuuachia. Haukusimama. Nikasikia haujasimama, kabisa, lakini mwalimu alikuwa ananiangalia na nilitaka aone ninavyoondoa mkono kwa mbwembwe kama Bibi. Nikauachia.

Ulinipiga chini ya kidevu. Kovu lipo mpaka leo, huwa ninawaambia watu ni la ajali ya kiwandani.

Bibi alinifunga kwa ile khanga ya kuchekechea, yenye unga wa kahawa na yote. Hakunigombeza. Alitazama ndani ya kata, akayaona mapande, akaniambia tu, "Umemdanganya nani sasa?"

Basi, mimi sikuwa mtu wa kubaki kigodani. Niliondoka Babati na begi moja, nikasoma kwa kujisomesha, mchana darasani na jioni nikifunga mota za watu. Sikubebwa na mjomba wala sikushikwa mkono na mtu. Nilipata diploma, nikapata kazi, nikawa msimamizi wa zamu, mwanamke peke yangu kati ya wanaume kumi na saba, na wakanisalimia kwa heshima. Na niliporudi, nilirudi kama nilivyoahidi. Nilimpeleka Bibi kwa shangazi, binti yake, kule Mutuka, akae huko wakati ninajenga. Nikaibomoa nyumba ya tofali, nikalibomoa na jiko la nje, nikasimamisha nyumba yenye vigae, maji ndani, jiko la gesi, na masofa ya kukaa watu tisa.

Bibi alihamia, akakaa majuma matatu. Alikuwa akishinda amesimama dirishani, amevaa sweta. Siku moja nikamkuta amefunga mzigo wake kwenye kitenge.

"Bibi, kuna nini? Kuna mtu amekuudhi?"

"Hakuna, mama. Nyumba ni nzuri. Ila sina pa kukaa."

Masofa ya watu tisa, rafiki yangu! Akarudi Mutuka kwa shangazi, kwenye jiko la moshi. Kila nilipokwenda kumbembeleza alikuwa akinipa ugali na samaki wa ziwani, tunaongea mengine. Mwisho nikamwuliza kwa hasira kidogo, Mungu anisamehe, ni kitu gani hasa kitamrudisha. Akafikiri.

"Ile mashine ya mkono bado ipo?"

Ilikuwa ipo. Niliihifadhi stoo, ndani ya gunia.

"Basi nitolee kikombe kama cha Jumamosi. Kikiwa kilekile, nitajua bado nina kwangu pale. Nitakaa."

Niliondoka Mutuka ninacheka. Kikombe tu! Mtu mwenye diploma yangu aombwe kikombe!

Niliifungua mashine yote juu ya meza ya chakula. Tangi lilikuwa limeshika ukoko mweupe wa maji yetu haya ya Babati, nikalichemshia malimau mpaka likatoa shaba yake. Washa za mpira, zile pete za kuzuia maji yasivuje, zilikuwa zimekauka kama biskuti, nikachonga nyingine. Springi niliisugua kutu, nikaipaka grisi, nikaipima. Ilikuwa haijalegea hata kidogo. Nilipowasha, geji ilipanda na ikasimama mahali palepale alipokuwa akiiachia Bibi. Hakuna fundi mwingine mkoani angeifufua mashine ile, na nasema hivyo nikijua nasema nini. Nikapiga simu Mutuka: Bibi aje Jumamosi.

Halafu nikaweka kahawa.

Ya kwanza ilikuwa ya pakiti, ya dukani. Niliuvuta mkono, nikasubiri, nikaanza kuachia, haukusimama. Kovu lilinikumbusha. Niliushikilia kwa mikono miwili mpaka juu, na kilichotoka kilikuwa maji ya kuoshea sufuria. Nikanunua buni, nikazikaanga, nikazisaga kwenye blenda. Nusu vumbi, nusu mapande. Maji ya sufuria tena. Zilizobaki nikazichukua kwenye ndoo mpaka kwenye mashine ya kusaga nafaka hapo barabarani. Msagaji akanusa ndoo, akaniangalia.

"Dada, hii si mahindi."

"Ni kahawa. Nisagie laini."

"Nikisaga hii, kesho Maisaka nzima inakula ugali wa kahawa. Utakuja kuwaeleza wewe?"

"Nitakusafishia mashine mwenyewe. Mimi ni fundi."

"Hongera, dada. Nani anafuata?"

Ijumaa nikapata unga mwingine mjini, laini kama poda ya mtoto. Niliushindilia, nikavuta mkono, nikasubiri, nikaachia. Safari hii mkono ulisimama. Ulisimama kabisa. Haukupanda, na hakuna tone lililotoka. Nikasubiri, nikaugonga, nikautukana. Nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba ndani kulikuwa na maji ya moto yaliyobanwa na springi, na kwamba kata haifunguliwi mpaka mkono umalize safari yake. Nilijua, na nikaizungusha kata. Sikuwa na subira iliyobaki.

Ndiyo hilo doa.

Nilikuwa juu ya ngazi, ninafuta dari, mkono mmoja umefungwa kitambaa kwa kuungua, ndipo nilipokumbuka kinu.

Siku tuliyobomoa jiko la nje nilikuwa na haraka. Mafundi waliniuliza vitu vya ndani viende wapi. Nilisema, na nayasikia maneno yangu mpaka leo, "Takataka zote hizo fanyeni mnavyotaka." Mchana nikawakuta wamepika maharage. Kinu kilikuwa chini ya sufuria, kimeshika moto vizuri, kwa yale mafuta ya kahawa ya miaka yote. Nilikiona. Nilichosema ni kwamba wamalize kula upesi, saruji inakauka.

Bibi alikuja Jumamosi na bajaji, amevaa vizuri, ameshika kikombe chake cha zamani ndani ya leso. Shikamoo, marahaba. Akaitazama mashine inavyong'aa, akaipapasa shingo.

"Umeiosha, fundi wangu," akasema, na nilikaribia kulia kwa fahari.

Kisha akanyoosha vidole viwili kwenye bakuli la unga, akabana. Akapuliza. Akabana tena. Akajifuta kwenye kitenge.

"Huu umesagwa wapi?"

"Mjini, Bibi."

"Na kinu?"

Ningeweza kusema kimepotea, au kimeliwa na mchwa. Aliniangalia kidevu, pale kwenye kovu, na sikuweza. Nikamwambia kilikuwa kwenye jiko la nje, na kwamba mafundi walikitia motoni wakapikia maharage, na kwamba nilikuwepo.

Bibi alikaa kwenye sofa, ukingoni, kama mtu anayesubiri basi. Alikizungusha kikombe mkononi muda mrefu.

"Yaliiva?"

"Nini, Bibi?"

"Maharage."

"Yaliiva."

"Afadhali," akasema.

Akafunga kikombe kwenye leso. Tulikunywa chai, akaisifu chai, akasifu na mabomba. Kabla ya saa kumi alikuwa kwenye bajaji.

Jirani mwenye duka alishafariki, na duka lake sasa ni la vipuri vya bodaboda. Mwalimu alihamishwa, hata sijui wapi. Jiko la nje ni maegesho ya gari langu. Kitu pekee kilichobaki kama kilivyokuwa ni mashine, nzima, springi na yote, nilivyoitengeneza kwa mikono yangu. Na ndiyo inayonikasirisha kuliko vyote, kwa sababu haina kasoro.

Nimenunua kinu kingine sokoni. Ni kizuri, kizito, ila ndani ni cheupe na kahawa inanuka mbao. Ninatwanga kila Jumamosi asubuhi, kwenye sakafu ya vigae, nimekalia ndoo iliyogeuzwa kwa sababu sina kigoda. Ninachekecha kwa khanga. Machicha ninayarudisha. Juzi unga ulishika alama ya kidole, nikaupuliza, ukasambaratika, na mkono wa mashine ulisimama katikati ya njia, umetulia, nikauachia. Nilichotoa nilikimimina kwenye chupa, nikakipeleka Mutuka.

Bibi alikunywa funda moja, akalishikilia mdomoni.

"Bado mti," akasema. "Twanga."